Mzee wa Bad Godesberg na kalamu zake mbili

Siku ya kwanza mzee kunigombeza ilikuwa kwa sababu ya neno moja tu, "vizuri". Mi nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani huku Ujerumani, nazunguka na kigari cha kampuni nyumba kwa nyumba kuanzia saa 12 asubuhi, huyu unamvalisha soksi za kubana miguu, yule unamchoma insulini, mwingine unamuogesha, na kila nyumba ina faili linalokaa palepale kwa mgonjwa, ukimaliza unaandika ulichofanya, unasaini, unaondoka. Sasa ukiwa na nyumba 11 asubuhi moja na kila nyumba ina dakika zake mkono unazoea, unajikuta ushaandika "amekula vizuri, amelala vizuri, hali nzuri" kabla hata hujafikiria. Basi asubuhi moja ya Novemba 2019 naingia kwa mzee nakuta faili liko wazi mezani na kile kioo chake cha kukuzia maandishi kimewekwa juu ya mstari wangu wa jana yake. Akaniambia, "Jana umeandika nimekula vizuri. Jana mimi sikula. Mkate niliufunga kwenye karatasi nikautupa."

Nikajitetea kwamba mbona nilikuta sahani tupu.

"Basi ungeandika sahani ilikuwa tupu."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilivaa glavu nikamfanyia kazi yake kimyakimya nikaondoka, kwenye gari nikawa najisemea huyu mzee ana makuu, ila ilipofika jioni nikawa bado nayawaza yale maneno na kiukweli mpaka leo sijaacha kuyawaza.

Niseme kwanza, jina lake simtaji. Kazi yetu ina sheria ya siri na nilisaini, na watoto wake waliponiruhusu kusimulia haya waliomba jina na nchi alizofanyia kazi zibaki nyumbani, nami naheshimu. Mi mwenyewe mtu wa Tanga, nilikuja huku 2014 kukaa na familia na kuwalelea watoto huku najifunza lugha, baadaye nikaingia kwenye mafunzo ya uuguzi wa wazee miaka 3, ndo nikaishia Bonn. Mzee alikuwa balozi mstaafu. Na alikuwa mwandishi, riwaya mbili na kitabu kimoja cha safari, vitabu ambavyo hata maduka ya Bonn huvikuti tena, unaagiza vilivyotumika.

Kama hupajui Bad Godesberg, ni mtaa wa kusini mwa Bonn, pembeni ya mto Rhine, na enzi Bonn ndo makao ya serikali balozi nyingi zilikuwa hapohapo. Serikali ikahamia Berlin mwaka 1999, mabalozi wakafuata, ila wastaafu wengi walibaki, kwahiyo unaingia kwenye nyumba ya kawaida kabisa kwa nje, ndani unakuta zulia la Uajemi, vinyago, picha ya mtu kavaa tai anashikana mkono na rais wa nchi ambayo siku hizi hata haipo. Dirishani kwa mzee unaona ng'ambo ya mto mlima Drachenfels na lile gofu la ngome juu yake. Pale ndipo alipokuwa anakaa mchana kutwa, kwenye kiti cha mkono kilichochakaa, na pembeni yake masanduku ya mbao yenye namba zilizopigwa rangi, 1 mpaka 43. Nilimuuliza mara moja ni ya nini akasema ni masanduku ya kuhama, walihama mara 9 na mengine hayajawahi kufunguliwa tangu mwisho wa kazi.

Watu tunaiona kazi ya ubalozi kama karamu na gari lenye bendera. Mzee alinieleza mambo mengine kabisa. Kila miaka mitatu minne unapewa barua, unahama, mtoto aliyeanza kuzungumza lugha ya pale na kupata rafiki unamng'oa unampeleka kuanza upya, na mkewe aliyekuwa amesomea udaktari hakuwahi kufanya kazi hiyo hata mwaka mmoja kwa sababu kila alipofika vyeti vyake havitambuliki au mke wa balozi haruhusiwi kuajiriwa. Binti yao aliniambia jikoni, mi nakatakata mkate, kwamba yeye anaota kwa Kihispania na hana mtu hata mmoja Ujerumani wa kumuongelesha. Hiyo sehemu kwenye vitabu vya mzee haimo, na mzee mwenyewe alikiri haimo.

Twende kwenye kalamu. Mzee alikuwa na kalamu mbili, nazungumzia kalamu hasa za kushika. Moja ya wino, nyeusi, nzito, ile ndo aliyosainia ripoti za kazi miaka yote. Nyingine penseli ya kawaida, iliyochongwa kwa kisu, ya kuandikia diari usiku. Alikuwa na utaratibu, chakula cha jioni kikiisha na wageni wakiondoka, hata iwe saa 7 usiku, halali mpaka aandike ukurasa. Tarehe, saa, hali ya hewa, nani alikuwepo, nani alisema nini kwa maneno yake mwenyewe. Madaftari 61. Siku moja nilimnunulia penseli ya kijani kwa vile nyeusi ziliisha dukani, akaishika akaitazama karibu na jicho akanirudishia kwa upole kabisa, "Hii siwezi. Kijani ni ya waziri." Nikadhani ndo uzee. Kumbe ni kweli, kwenye wizara za Ujerumani rangi zina wenyewe, waziri ndo anayeandika kwa kijani pembeni ya karatasi, katibu mkuu wake nyekundu, na mtu wa chini hawezi kushika hizo rangi. Alisema kijana akiwa kituo cha mbali anaandika ripoti wiki nzima halafu anakaa miezi anasubiri kama kuna siku itarudi ina mstari wa kijani, yaani kwamba imefika juu kabisa na imesomwa. Yeye kwa miaka 34 aliipata mara 3. Alizikumbuka zote tatu na tarehe zake.

Macho yake yalikuwa yanakufa katikati, ule ugonjwa wa uzee ambao pembeni unaona ila unachokitazama ndo huoni. Halafu ikaja korona, Machi 2020, wageni hakuna, binti yuko Madrid amefungiwa, mtu pekee anayeingia nyumbani kwake ni sisi wa barakoa. Mi nilikuwa najiandaa na mtihani wa Kijerumani wa daraja la juu, nikamuomba kama naweza kuja siku zangu za mapumziko nimsomee vitabu kwa sauti naye anirekebishe matamshi. Kazini niliwaambia, wakakubali mradi nisipokee hela wala zawadi. Hapo ndo masomo yangu yalipoanza kweli, mi kwenye kiti cha mbao kule mlangoni dirisha liko wazi kwa ajili ya hewa, yeye pale kitini, tumeachana mita tatu. Na tulibaki kwenye lugha ya heshima mpaka mwisho, Kijerumani kina "wewe" ya karibu na "wewe" ya heshima, mi nishamuogesha mzee wa watu mgongo na miguu lakini yeye akinisemesha ni heshima tupu, ananiita Frau, yaani Bibi, na jina la baba yangu, wala hakuna siku aliyoteleza.

Alipojua natokea Tanga alifurahi akataka nimwambie maneno ya Kijerumani yaliyobaki kwetu. Nikamwambia shule. Nikamwambia hela, ambayo ilitoka kwenye Heller, sarafu zao za wakati ule wa ukoloni. Akanyamaza kidogo akasema kwahiyo tuliwaachia shule na hela. Nikamwambia mzee mliacha na makaburi, bibi yangu alikuwa anahadithia mambo aliyoyasikia kwa wazee wake. Hakubisha wala hakuanza kunieleza jinsi mambo yalivyokuwa magumu kwao. Alisema tu, "Hayo andika wewe. Mimi sikuyasikia kwa bibi yako."

Yeye ndo aliyenipa majina ya mabalozi waandishi niliokuja kuwasoma mmojammoja. Wa kwanza Friedrich Rosen. Huyu alizaliwa 1856, baba yake alikuwa konsuli, yaani balozi mdogo, Jerusalem kwahiyo utoto wake ulikuwa kulekule na Kiarabu kikamkaa mdomoni mapema. Mwaka 1887 Berlin ikafungua chuo cha kufundisha lugha za Mashariki kwa watu wa serikali na wafanyabiashara, Rosen akafundisha Kihindustani, lugha ya India, na mlango wa jirani katika chuo hichohicho kulikuwa na darasa la Kiswahili! Mi hiyo ilinisisimua kupita yote, kwamba Wajerumani waliokuja kututawala walikuwa wanakariri ngeli za kwetu kwenye baridi ya Berlin, na walimu wengine walikuwa watu wa pwani, ikiwa ni pamoja na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliyefika miaka ya 1900 na kuandika habari za desturi zetu kwa mkono wake. (Mtoro alioa Mjerumani, na 1905 alipotaka kurudi nyumbani na mkewe, Dar es Salaam wakoloni walikataa mke ashuke melini. Wakageuza wakarudi Ulaya, na huku ndo alikofia. Naiweka hapa maana watu wengi wa kwetu hawamjui.)

Rosen akaingia ubalozini, Tehran, Baghdad, Jerusalem, mwaka 1905 akaongoza ujumbe kwenda kwa mfalme Menelik wa Ethiopia, 1921 akawa waziri wa mambo ya nje kwa miezi michache. Na katikati ya hayo yote alikuwa anatafsiri mashairi ya Omar Khayyam, mshairi wa zamani wa Uajemi, kutoka Kiajemi kwenda Kijerumani, yakatoka 1909, yakasomwa miaka na miaka. Mzee alisema ukitaka kumjua balozi mzuri muulize mashairi gani ya nchi ile anayajua kwa moyo, asipojua hata moja huyo alikuwa anakaa hotelini.

Rosen alifia Beijing 1935 alikokwenda kumtembelea mwanawe Georg, naye mwanadiplomasia. Na huyu Georg ndiye aliyenishika mimi. Mwisho wa 1937 Wajapani waliuteka mji wa Nanking, uliokuwa mji mkuu wa China, wakaua na kubaka kwa wiki nyingi. Georg Rosen alikuwa katibu kwenye ubalozi wa Ujerumani pale, Ujerumani ya Hitler, ambayo ilikuwa inajisogeza kwa Japani. Mtu mwingine angeandika hali ya usalama inaimarika. Yeye aliandika alichokiona, akapeleka Berlin ripoti moja baada ya nyingine, na moja ilieleza filamu aliyoipiga kwa siri mmisionari Mmarekani John Magee ndani ya hospitali, majeruhi mmojammoja, jeraha gani, la nini. Na huyu mtu alikuwa na bibi wa ukoo wa Kiyahudi! Aliandika hayo akijua serikali anayoiandikia inamhesabu yeye kuwa si mtu kamili, na kweli 1938 wakamuondoa kazini kwa sababu hiyohiyo ya damu.

Nilipomsomea mzee kuhusu Nanking nilimaliza siku ile nikiwa na kichefuchefu, maana tulikuwa tunasoma diari za John Rabe, mfanyabiashara wa Siemens pale mjini. Huyu hakuwa balozi. Alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi, tena akikiamini, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyotenga eneo la usalama ambalo walijihifadhi Wachina zaidi ya 200,000. Nyumbani kwake na kwenye bustani yake peke yake walilala zaidi ya 600, na ile bendera ya Hitler aliitandaza bustanini ndege za Kijapani zisipige, watu wakajificha chini yake. Usiku anaandika. Analalamika mchele umeisha, anahesabu magunia, anaandika askari waliporuka ukuta saa ngapi na wangapi. Akarudi Berlin 1938 akamwandikia Hitler akidhani hajui, jibu lililokuja ni Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakamkamata na kumhoji, wakamuachia kwa masharti ya kufunga mdomo. Alikufa 1950, maskini, watu wa Nanking wakiwa wamemchangia hela na chakula alipokuwa na njaa baada ya vita.

Sasa diari hizo zilikaa kwenye familia mpaka 1997 zilipotoka kama kitabu Ujerumani, na aliyezihariri ni balozi mwandishi mwingine, Erwin Wickert. Mzee alimheshimu huyu. Wickert akiwa kijana mwanafunzi alizunguka dunia na pesa kidogo, 1936 akafika Nanking akalala kwa Rabe, akala mezani kwake. Vita ilipoanza akapelekwa na serikali ya Hitler Shanghai kisha Tokyo kushughulikia mambo ya redio, na hilo mzee hakulifunika, alisema usinisomee maisha ya Wickert ukaruka Tokyo. Baada ya vita akawa anaishi kwa kuandika, hasa michezo ya redio, na mwanzoni mwa miaka ya 50 akapata tuzo ambayo waamuzi wake walikuwamo askari waliopofuka vitani. Mzee alipenda hapo, aliniambia nirudie. Kisha Wickert akarudi ubalozini, akawa balozi Romania, halafu China kuanzia 1976, mwaka ambao Mao alifariki, mpaka 1980. Akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80 ndo akakaa chini kuyapanga madaftari ya mtu aliyempa kitanda miaka 61 nyuma. Alikuwa anakaa upande huuhuu wa Rhine, maeneo ya Remagen, alifariki 2008.

Na yupo Kessler, Harry Kessler, aliyeanza diari akiwa na miaka 12 mwaka 1880 akaiandika mpaka 1937, miaka 57 bila kuchoka, mjumbe wa Ujerumani Warsaw kwa wiki chache za 1918. Alipokimbia Wanazi aliweka madaftari ya mwanzo kwenye sefu ya benki kisiwani Mallorca, akafa, watu wakadhani yamepotea. Mwaka 1983 muda wa sefu ukaisha, miaka 50, benki wakafungua wakayakuta. Nilimuuliza mzee Kessler angejisikiaje. Akasema angetaka kujua kama panya hawakuingia.

Nimekuja mpaka hapa kwa ajili ya jambo moja. Ilikuwa Februari 2021, baridi kali, nje theluji, nimemaliza kumsomea akaniambia fungua sanduku namba 27. Ndani kulikuwa na daftari na bahasha. Daftari lilikuwa la mwaka mmoja wa miaka ya 70, nchi siisemi, jeshi lilikuwa limechukua madaraka. Akaniambia nisome ukurasa wenye uzi. Penseli imefifia ila inasomeka. Aliandika kwamba amepita kwa miguu nje ya ukuta wa chuo kikuu, saa 11 jioni, mvua ndogo, na ukutani zimeegemezwa baiskeli 14, moja ina mfuko wa vitabu kwenye usukani, na hakuna mtu. Kesho yake ameandika tena, baiskeli 14, mfuko umelowa. Siku ya tatu hakuna baiskeli, ukuta umepakwa chokaa.

"Sasa bahasha," akasema. Bahasha ilikuwa na nakala ya ripoti yake ya kazini ya wiki ileile. Huko kwao mafaili ya serikali hufunguliwa baada ya miaka 30, kwahiyo alipostaafu alisubiri, mwaka ulipofika akapanda treni mpaka Berlin kwenye nyaraka za wizara, akajaza fomu kama mwanafunzi yeyote, akaletewa faili lake mwenyewe. Miaka yote hiyo alikuwa akiwasimulia watu mezani kwamba yeye aliripoti zile baiskeli. Hakuwa anadanganya, alikuwa anaamini kabisa. Nikamsomea ripoti kwa sauti. Ukurasa mmoja na nusu, Kijerumani kizuri sana. Mstari wa sita: shughuli za chuo kikuu zimerejea katika hali ya kawaida.

Nilisoma nikanyamaza. Yeye alikuwa anatazama dirishani ingawa najua alikuwa haoni kitu pale. Akasema, "Sijui hata kwa nini. Hakuna aliyeniambia nisiandike. Nilikuwa na miaka 38, nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo, na 'hali ya kawaida' ni neno ambalo mkono ulikuwa umelizoea." Halafu akaniangalia mimi, au upande niliko. "Kama 'vizuri' lako."

Nililia njiani kurudi, nakubali. Sikulia kwa ajili yake tu, niliwaza mafaili yote niliyosaini. Nilianza wiki ileile. Nilikuwa na bibi mmoja kwenye njia yangu, mkimya, miaka yote nilimwandikia "hakuna mabadiliko". Asubuhi moja nikaandika hivi: leo ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto, siku zote hutumia wa kulia, nilipomuuliza alisema mkono umelala. Nikapiga simu ofisini, wakasema tutaangalia. Mwenzangu wa zamu ya mchana alifika akafungua faili, akasoma ule mstari, akamwambia bibi ainue mikono yote miwili, wa kulia ukashuka. Wakaita ambulensi. Ilikuwa ni kiharusi, kidogo, na daktari alisema kama angekaa mpaka kesho ingekuwa habari nyingine. Mwenzangu hakuwa amemuona bibi asubuhi, alichokuwa nacho ni mstari wangu tu. Nilijutia pia kwamba sikukaa palepale nikaita ambulensi mimi mwenyewe, hilo nalo nililiandika.

Nilipomsimulia mzee hakusema hongera. Aliuliza, "Kikombe cha rangi gani?" Nikamwambia bluu. Akasema sawa.

Na diari nikaanza. Nilinunua daftari la mistari pale kituo cha treni Bad Godesberg, naandika kwa Kiswahili, usiku, hata kama nimechoka vipi naandika mistari mitano. Mwanzo nilikuwa najaza hisia, leo nimeumia sana, leo nimefurahi mno, nikisoma baada ya mwezi sikumbuki hata niliumia nini. Mzee alinishauri nianze na vitu vilivyokuwa mezani. Uso wa mtu baadaye. Moyo wangu mwisho kabisa, kama nafasi imebaki. Na kwamba mazungumzo niyaandike usiku uleule maana ukilala nayo, asubuhi utakuta umejipa wewe maneno mazuri na mwenzio umempa ya kijinga. Hilo nimelithibitisha mara nyingi, hasa kwenye ugomvi na ndugu kwenye simu, unafungua daftari unakuta maneno makali uliyaanza wewe. Na kuna kitu cha siri ambacho aliniwekea mkazo. Yeye kwa sheria hata baada ya kustaafu hakuruhusiwa kutoa mambo ya kazini, mi vilevile ya wagonjwa, kwahiyo alisema andika kila kitu halafu chunga sana unachokitoa, usichanganye hayo mawili. Watu wanaogopa kutoa ndo wanaacha kuandika kabisa.

Sikubaliani naye kila kitu. Mkewe nimemkuta kwenye madaftari 61 kama mtu anayepita ukumbini, kavaa nini, aliketi karibu na nani. Nilimuuliza mbona mama hasemi kitu humu. Alikaa kimya muda mrefu, nikajuta kuuliza. Akasema, "Nilikuwa nahesabu wageni." Kwenye daftari langu nimeweka kurasa za mama yangu peke yake, kila nikimpigia simu naandika alichosema, hata kama ni bei ya samaki soko la Deep Sea kule Tanga na nani kafa mtaani.

Aprili 2022 alianza kushindwa kumeza. Jumapili moja akaniomba niketi mezani nichukue kalamu nyeusi, ile ya wino, na karatasi nyeupe, nimwandikie kitu cha kuweka ndani ya bahasha ya sanduku la 27 kabla masanduku hayajaondoka. Alisema tarehe kwanza. Kisha akatamka taratibu, nami naandika, kwamba tarehe fulani alipita nje ya chuo kikuu na kuona alichoona, na kwamba ripoti yake ya wiki ile haikusema. Nilipofika hapo nikamuuliza niweke labda kwamba hali ilikuwa ngumu wakati ule, maana kweli ilikuwa ngumu, mwanajeshi kila kona. Akasema hapana. "Weka idadi."

Nikaandika: Baiskeli zilikuwa 14. Sikuziandika.

Nikamsogezea karatasi, nikamuonyesha kwa kidole pa kusaini, akasaini, mstari ukapanda juu ukatoka nje ya ukurasa kidogo. Alifariki siku ya Jumatano, zamu ilikuwa yangu. Kwenye faili la nyumbani niliandika saa niliyofika, 12 na dakika 40 asubuhi, dirisha lilikuwa wazi, mkono wa kulia ulikuwa nje ya blanketi, chai ya jana iko nusu kikombe, daktari amepigiwa simu saa 12 na dakika 43. Nikasaini.